Habari Ziwafikie

Tangu kile kiboksi kifike kutoka Kampala, familia ya Elieza Kamala wa Kanazi ilikula chakula ikiwa imepakata sahani. Meza ilikuwa na kazi nyingine. Juu yake kulitapakaa vidude vya rangi rangi mfano wa peremende, transfoma nzito kama jiwe la kusagia, waya za kila namna, na karatasi ya maelekezo yenye Kichina upande mmoja na upande wa pili Kiingereza ambacho hata Mwingereza angeomba asomewe.

Ilikuwa amplifaya ya kujiundia. Unanunua vipande, unaviunga mwenyewe, unapata mtambo wa kukuza sauti. Hivyo ndivyo alivyosema Mhindi mmoja wa kwenye video za simu, na Elieza alimwamini Mhindi huyo kuliko alivyomwamini mchungaji wake. Mhindi aliunda ya kwake kwa muda wa kuchemsha chai. Elieza aliunda ya kwake mpaka Hellen, mkewe, akasahau rangi ya kitambaa cha meza.

"Baba Celina, hivi kukodi muziki mjini ni bei gani?" Hellen aliuliza.

"Siyo suala la bei."

"Mwanaume akisema siyo suala la bei, ujue bei imeshapita."

Elieza alikuwa ameinama juu ya saketi, ulimi nje, akiunguza kidole cha shahada kwa mara nyingine. Mahali alipounga waya palivimba kama vipele. Kapasita moja, kidude cha kutunzia umeme, aliiunga kichwa chini miguu juu, ikapasuka na kutupa pamba hadi kwenye ugali wa mtoto wa jirani aliyekuwa amekuja kuomba kiberiti na kujikuta amekaribishwa kula.

"Risasi imeisha," alisema, akimaanisha ule waya laini unaoyeyushwa kuungia vidude.

"Kama ni ya kumpiga yule Mhindi, nitachanga," Hellen alisema.

Suala lilikuwa sauti. Mungu alimpa Elieza mwili wa mbeba magunia na sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Siku ya kumuaga binti yake wa kwanza alisimama kusema maneno ya baba, watu wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii, na kaka yake Avit, aliyestaafu ukaguzi wa shule bila kustaafu kukagua, akasimama akamsaidia. Avit alisaidia kwa muda mrefu. Alieleza alikosoma, waliosoma naye, na walioshindwa kusoma naye. Mpaka leo kuna watu Kanazi wanaoamini kwamba Avit ndiye baba wa yule binti.

Sasa ilikuwa zamu ya Celina. Jumamosi wakwe wangetoka Muleba kuja kuposa rasmi. Kijana aliitwa Aroni, na baba yake, mzee Rutaihwa, alikuwa mtu wa sauti: akisalimia Muleba, unaweza kuitikia ukiwa Kamachumu. Elieza aliapa kwamba safari hii angesema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa kipaza sauti chake, na wa nyuma wangesikia wapende wasipende.

Na posa hii haikuwa ya kuchezewa. Mchumba wa kwanza wa Celina alikuja mara mbili, akala mara mbili, akaenda kuoa Ngara. Kanazi ililijadili jambo hilo kwa upendo wote wa kijirani. Wengine walisema ni Celina, wengine walisema ni mapishi ya Hellen. Hawa wa Muleba nao wakiyeyuka, majirani wangefunga hesabu, na Celina angebaki yule wa nyumba ile ambayo watu hula na kuondoka.

Celina mwenyewe hakusema mengi. Alimpenda Aroni, jambo ambalo katika vikao vyote vya maandalizi hakuna mtu aliyeona haja ya kuliuliza.

*

Jumamosi asubuhi mtambo ulikuwa tayari, kwa maana ya kwamba hapakuwa na kidude kilichobaki mezani. Elieza aliuvika droo ya kabati la vyombo kuwa boksi lake. Spika mbili kubwa aliziazima kwa wanakwaya wa usharika, ambao walimwazimisha kwa urahisi kwa sababu amplifaya yao ilikufa zamani na spika zilikuwa zinatumika kukalia. Aliziweka barazani, zikatazama bonde, ili wakwe wakiwa bado barabarani waanze kusikia heshima.

Kilikosekana kitu cha kujaribia. Ndipo akaenda chumba cha nyuma kuchukua redio ya mama yake.

Bibi Kokwijuka hakuwa mtu wa kusikiliza siasa wala mpira. Alisikiliza matangazo ya vifo, asubuhi na mchana, redio ikiwa imebanwa sikioni. Waliokufa walimtosha. Alijua nani kafiwa Karagwe, nani anazikwa Misenyi, na alikuwa na maoni kuhusu kila marehemu.

"Nirudishie redio yangu," alisema. "Matangazo yanaanza."

"Utayasikia, Mama. Leo hata viziwi watayasikia."

Alichomeka waya wa redio kwenye mtambo. Kipaza sauti nacho alikichomeka, akakilaza juu ya dirisha, nyuma kidogo tu ya spika. Kisha akashika kidude cha kuzungushia sauti akakirudisha chote kushoto, kwenye sifuri, kama Mhindi alivyousia: anza chini, panda polepole.

Kidude hicho kina miguu mitatu. Ukiuunga mguu wa kulia mahali pa ule wa kushoto, kinafanya kazi vizuri kabisa, ila kinyume. Sifuri inakuwa mwisho, mwisho unakuwa sifuri. Elieza alikuwa ameiunga hivyo. Kwa hiyo alipokirudisha chini kabisa kwa tahadhari zote za mtu mzima, alikuwa amekifungulia mpaka mwisho. Akawasha umeme.

Bonde lote la Kanazi lilisikia neno "KIFO". Baada ya hapo kipaza sauti kilichukua sauti ya spika, spika ikachukua ya kipaza sauti, na vikaanza kuliliana. Kilikuwa kilio kirefu, chembamba, cha kupanda, kama cha mwanamke aliyefiwa akiwa peke yake nyumbani. Katikati ya kilio sauti ya mtangazaji ilichomoza tena, pana kama ya malaika: "ELIEZA KAMALA WA KANAZI", kisha kilio kikaifunika.

Ndani ya nyumba, nyuma ya spika, Elieza hakusikia neno hata moja. Alisikia ngurumo. Vikombe vilishuka kabatini kimoja kimoja. Alikamata kidude akakizungusha kushoto kwa nguvu kupunguza, na kwa kuwa kilikuwa kimefika mwisho, kikamng'okea mkononi. Kukatoka moshi mweupe kwenye mtambo na kwenye redio ya Bibi, kukatokea cheche kwenye mita, na nyumba nzima ikazimika.

Kuku walikuwa wa kwanza kutoa maoni. Baadaye, kutoka ng'ambo ya kibanja, mwanamke alijibu kile kilio. Wa pili akampokea. Kilio kikapita kwenye migomba kutoka nyumba hadi nyumba, kama desturi inavyotaka, bila kukosea njia.

*

Walikuja haraka, na kwa hilo lazima wasifiwe. Wanawake walikuja wamefunga kanga viunoni, mikono kichwani. Wanaume walibeba mikungu ya ndizi na kuni. Mwinjilisti alikuja na kitabu cha nyimbo, kimefunguliwa kabisa kwenye ukurasa unaohusika. Hakuna aliyeuliza nani kafa, maana katika nyumba ile mwenye umri wa kufa alijulikana.

Mama mmoja wa ng'ambo ya bonde alipanda baraza analia, akajitupa chini, akashika miguu iliyokuwa karibu. Alipoinua uso aliona ni miguu ya Bibi Kokwijuka, na Bibi Kokwijuka akiwa juu yake.

"Umeleta nini?" Bibi aliuliza.

"Mkungu, waitu," mama yule alijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Uko wapi? Huo?"

"Ndio huo."

"Huo ndio mkungu wa kunizikia mimi? Nilipomzika mama yako nilileta wa kubebwa na wanaume wawili. Ondoka kwenye miguu yangu."

Kuanzia hapo Bibi aliomba asogezewe kiti karibu na njia. Alikagua kila aliyeingia na alichobeba. Waliokuja mikono mitupu aliwaita kwa majina. Watu wachache hupata bahati ya kuusimamia msiba wao, na yeye hakuiacha ipite.

Elieza alisimama mlangoni, masizi usoni, akieleza kwamba hakuna aliyekufa, alikuwa anajaribu mtambo. Waliokuwa mbele walimsikia. Wa nyuma walisema hawasikii, wakaendelea kulia.

Ndipo Avit akafika. Alivaa suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, na kalamu mbili mfukoni, ya pili ikiwa ya kumsaidia asiye na kalamu. Alisimamisha kilio kwa mkono mmoja.

"Ndugu wananchi," alisema, "hakuna msiba. Kuna ukosefu wa elimu ya fizikia."

"Lakini Ta Avit, tumesikia jina," mwanaume mmoja alisema, kwa ile Ta ya kumheshimu mkubwa. "Elieza Kamala wa Kanazi. Na neno kifo tumesikia."

"Ilikuwa redio," Elieza alisema.

"Redio ilisema nani kafa?"

Elieza aligeuka kumtazama mkewe. Hellen alikuwa jikoni wakati ule, na alichosikia ni masufuria. Kwa bonde zima, kila redio iliyokuwa imewashwa saa ile ilifunikwa na ule mtambo, na wenye redio waliziacha zikizungumza zenyewe wakakimbilia huku kulia. Watu wote wa Kanazi walikuwa wamelisikia tangazo, na hakuna aliyejua limesema nini.

"Kama jina lako limetajwa, ni kwamba habari zikufikie," Hellen alisema. "Kuna mtu wetu kafa mahali. Tuulize."

"Shemeji, tumia akili," Avit alisema. "Akina Kamala ni wangapi? Na yule binamu yetu wa Karagwe, akifiwa na jogoo anatutaja ukoo mzima redioni ili tupeleke mchango. Leo ni leo. Wakwe wako njiani. Tukianza kupiga simu kutafuta maiti, tutaipata, na tukishaipata hakuna posa. Tutauliza kesho."

Hellen alimtazama mumewe. Elieza alitazama mtambo. Simu yake ilikuwa imezimika tangu jana, kwa kazi kubwa ya kumwonyesha Mhindi usiku na mchana, na umeme wa kuichaji alikuwa ameuzima mwenyewe. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, tuulize, na hata kwa sauti yake lingesikika.

"Kesho," alisema.

Basi wakasubiri wakwe. Waombolezaji walikuwa wameshafika, kuni zimeshashushwa, na hakuna mtu mwenye adabu anayerudi na mkungu aliokuja nao. Wanawake walishusha kanga viunoni, wakazivaa mabegani, na msiba ukageuka sherehe bila mtu kunyanyuka kwenye kiti. Mwinjilisti alifungua ukurasa mwingine.

*

Jua lilipanda, likasimama, likaanza kushuka. Ndizi ziliiva, zikapoa, zikapashwa moto. Celina, aliyesukwa tangu jana kichwa kikamuuma, alikaa kitandani na simu ya mama yake.

"Aroni hapokei, Mama."

"Mpigie mshenga."

"Muksini hapatikani."

Muksini alikuwa fundi cherehani wa Rwamishenye, mtu wa kuaminika, ambaye hajawahi kutopatikana hata siku anayodaiwa suruali ya watu. Nje, mazungumzo yalikuwa yameanza kupungua sauti kila Hellen anapopita, na hiyo ndiyo namna watu wa Kanazi wanavyokutaja.

"Ngara iliwahi kuwa mbali," mwanamke mmoja alisema akitazama sahani yake. "Sasa naona na Muleba inasogea huko huko."

"Chakula lakini ni kizuri," mwenzake alisema. "Tatizo siyo chakula."

Celina alisikia kupitia dirishani. Alianza kufumua nywele.

Avit naye alisikia, na jambo ambalo Avit hakuliweza ni watu kucheka mbele ya suti yake. Alitoa simu, akavaa miwani, akaandika kwa muda mrefu akisogeza midomo. Alikuwa na namba ya Rutaihwa tangu kikao cha kwanza.

"Unaandika nini?" Elieza aliuliza.

"Ninalinda heshima yako, kwa kuwa wewe uko na waya." Akamsomea. "Bwana Rutaihwa. Sisi si watu wa kusubirishwa kama abiria. Kama mbuzi mliowaahidi wamegoma kutembea, mseme. Binti yetu hakuokotwa. Kama mnaona hafai, kuna wengine."

"Wengine wapi?" Hellen aliuliza kutoka mlangoni.

"Ni lugha ya kidiplomasia, shemeji."

"Usiitume."

"Imeshakwenda," Avit alisema, akakunja miwani kama mtu aliyemaliza kusahihisha mitihani.

Elieza alifungua mdomo. Kilichotoka humo hakikumfikia hata mkewe.

Ujumbe ulikuwa umekaa Muleba kitambo cha kutosha kusomwa na kurudiwa pale Verdiana alipofika. Verdiana alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza samaki, na asubuhi ile yote alikuwa sokoni mjini. Alishuka kwenye bodaboda, akatazama watu waliojaa uani, akatazama sahani, akamtazama Celina mwenye nusu ya kichwa kimefumuliwa.

"Mama Celina, mbona bado mko hapa?"

"Tuwe wapi?"

"Muleba. Si msibani?" Alishusha beseni. "Redio imewataja asubuhi, imerudia na mchana, soko zima tumesikia. Mzee Rutaihwa kafiwa na mama yake usiku. Akasema habari ziwafikie, nani na nani, na mkwe wake Bwana Elieza Kamala wa Kanazi. Nikasema, kumbe, mtu hata posa haijaletwa ameshaitwa mkwe redioni mkoa mzima unasikia. Nikajua mtakuwa mmeshaondoka."

Mtu mmoja aliweka sahani chini polepole, isilie.

"Amesema mkwe?" Elieza aliuliza.

"Mkwe wangu. Hivyo hivyo."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake jina la Elieza lilitamkwa kwa heshima mbele ya watu wasiohesabika, kutoka Mutukula hadi Biharamulo, na mtu pekee aliyezuia heshima hiyo isisikike Kanazi ni yeye. Alikaa chini juu ya spika ya kwaya.

Avit alitoa simu kuangalia kama ujumbe unaweza kurudishwa. Elimu yake haikufika huko.

"Pakieni ndizi," Hellen alisema.

"Shemeji, labda tutume kwanza mtu mmoja akapime hali ya..."

"Pakieni ndizi zote. Na wewe Ta Avit unakwenda. Utakaa nyuma, juu ya kuni, na hiyo suti."

*

Pikapu ya kubebea kahawa ilikwenda Muleba imejaa mikungu iliyokuwa imekatwa kwa ajili ya Bibi Kokwijuka. Mwenyewe aliibariki kabla haijaondoka, akaagiza mkungu mdogo wa yule mama wa ng'ambo ya bonde uwekwe chini kabisa usionekane.

Kwa Rutaihwa kulijaa watu. Waliposhuka, mazungumzo yalikatika, na katika ukimya ule walijua kwamba ujumbe umesomwa, na kwa kuwa Rutaihwa ndiye aliyeusoma, umesikiwa na wote. Muksini mshenga alikuwa amekaa pembeni, kofia mkononi. Aliwatazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoidhamini ikiungua.

"Nimepiga simu yako mpaka nimechoka, Elieza," alisema kwa sauti ya chini. "Ya kwangu ikaisha chaji. Nikasema si kitu, redio itawaambia."

Rutaihwa alikuwa kwenye kiti mbele ya mlango, macho mekundu. Hakuinuka.

"Mbuzi wamegoma kutembea," alisema. Kwa wengine ingekuwa kuongea. Kwake, waliokuwa barabarani waligeuka.

"Mzee wetu, ukiniruhusu nitoe ufafanuzi," Avit alisema, majani makavu ya migomba yakiwa yameng'ang'ania suruali yake. "Ujumbe ule, kimsingi, uliandikwa katika muktadha..."

"Wewe ndiye baba wa binti?"

"Mimi ni kaka wa..."

"Basi kaa. Baba ni nani?"

Elieza alisogea mbele. Alisema pole. Alisema lililotokea, kuhusu mtambo, na redio, na kwamba hakusikia.

"Hatusikii," mtu wa nyuma alisema.

"Rudia," Rutaihwa alisema.

Akarudia. Jasho lilimtoka. Watu wa nyuma walisema bado, na kuna aliyecheka, kisha akakumbuka yuko msibani. Rutaihwa alimfanya arudie tena. Haikujulikana kama ni kwa sababu hakusikia au kwa sababu alisikia. Mara ya tatu Elieza aliacha watu wa nyuma wakae na uziwi wao. Alipiga magoti karibu na kile kiti, akaongea na mtu mmoja.

"Nilitaka leo nisikike," alisema. "Nikaunda mtambo. Mtambo huo ukazima sauti yako ulipokuwa unaniambia mama yako amekufa. Tena watu waliniambia jina langu limetajwa. Mke wangu alisema tuulize. Mimi nikasema kesho. Hilo siyo la kaka yangu. Ni langu."

Rutaihwa alimtazama. Elieza akaona kwamba mtu huyu mwenye sauti ya kuvuka vilima hakuwa amelala.

"Mambo ya binti yako tutayasema tukimaliza kuzika," alisema hatimaye, na safari hii kwa sauti ya kawaida ya watu. "Kama yatasemwa. Sina kichwa cha posa leo. Kaeni."

Wakakaa. Hawakupewa viti, walikaa kwenye nyasi, wote, na ile suti. Muksini alitikisa kichwa polepole kumwambia Elieza kwamba hajui. Avit alianza kumweleza jirani yake wa nyasini maana ya muktadha.

Nyuma ya nyumba wanawake walikaa duara juu ya majani ya migomba wakimenya ndizi. Hellen na Celina walifika huko na wabebaji wa mikungu. Mazungumzo yalikufa hapo pia. Msichana mmoja alimletea Hellen kigoda na kikombe cha maji, kama apewavyo mgeni wa mbali, mgeni wa kuja na kwenda. Hellen alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

Celina alibaki amesimama. Kichwa chake kilikuwa nusu kimesukwa na nusu kimefumuliwa, na kilemba alichokizungushia garini kilikuwa kinateleza.

Mke wa Rutaihwa, mama yake Aroni, hakuinua macho kwenye kisu chake.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, Mama. Poleni sana."

"Baba yako mkubwa anaandika vizuri."

Wanawake wawili walitazamana juu ya ndizi.

"Na wewe unajua kuandika hivyo?"

"Hapana, Mama."

"Kumenya unajua?"

"Najua."

Mama yule alinyoosha mkono kwa binti yake wa kumzaa aliyekaa kulia kwake, akamnyang'anya kisu katikati ya ndizi. "Wewe nenda kachote maji," akamwambia. Kisha akakigeuza kisu, mpini mbele, akampa Celina, akasogea akaacha nafasi pale binti yake alipokuwa amekaa.

Celina alikaa. Upande wa mbele wa nyumba sauti ya Avit ilisikika ikiomba ruhusa ya kuongeza jambo dogo, na sauti nyingine ikimnyima. Hellen alikuwa ameshika kikombe hewani.

Mama yake Aroni alitazama ganda la kwanza lilipoanguka, akaliokota, akaliinua kwenye mwanga ili wote waone lilivyobeba nyama ya ndizi.

"Unamenya nene," alisema. "Katika nyumba hii hatumenyi hivi."

Celina aliinamisha kichwa. Mama yule akalitupa ganda, akausukuma kwa mguu mkungu mwingine mpaka ukamgusa Celina gotini.

"Utazoea," akasema.